Kuiwasha upya ruta ya Faza ukiwa Mkunguni, Lamu mjini: vifaa vinavyofaa na visivyofaa

Ruta ikiganda Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, dawa yake ni sekunde kumi: ichomoe, ingoje, ichomeke. Kazi ni kufika. Boti ya Pate hungoja maji yajae ndipo ipite mlango wa bahari wa Mkanda, na kusi likivuma kwa nguvu hata nahodha husitasita. Kwa anayetunza minara na waifai za shule visiwani Lamu, kifaa cha kukata na kurudisha umeme kutoka mbali ni cha lazima. Shida ni kwamba vingi vinavyouzwa vimebuniwa kwa mtu ambaye ruta yake iko chumba cha pili.

Plagi za waifai, mfano wa Tapo, Sonoff na zile za Tuya, ndizo za kwanza kuziacha. Bei yake ni nafuu na programu zake za simu zinapendeza, lakini amri huzifikia kupitia ruta ileile iliyoganda. Ruta ikinyamaza, plagi nayo huwa kiziwi. Kuna hatari nyingine isiyoonekana dukani: baadhi hubaki zimezimwa stima ikirudi baada ya kupotea, mpaka uingie kwenye mipangilio uziambie ziwake zenyewe. Shelly Plus 1 ni ya kuitenga na hizi. Inapokea umeme wa nyumbani au 12V isiyopandapanda, na unaweza kuiandikia programu ndogo inayokagua mtandao yenyewe na kukata umeme bila kungoja amri ya mtu. Ni kifaa kizuri, mradi awepo anayejua kuiandika hiyo programu.

Soketi za kwenye raki (kabati la mitambo) zinazoamriwa kupitia mtandao, kama APC AP7921 yenye matundu 8 ya aina ya C13, ni za ofisi au hoteli ya Malindi yenye laini mbili za intaneti. Huwa unaingia kwa laini ya pili kuiwasha ya kwanza. Pasipo laini ya pili hazikufai. Na ukiagiza kutoka nje, soma kibandiko kwanza: kilichoandikwa 120V pekee ni cha soko la Marekani, na 240V yetu itakiunguza siku hiyohiyo.

Kabla ya kununua chochote, tumia kilichomo ndani ya mitambo uliyonayo. Rediyo za Ubiquiti, zile za kurushia mtandao hewani, zina Ping Watchdog, yaani mlinzi wa mtandao: inapiga pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza kama mtambo wa mbali upo) kila sekunde 300, na ikikosa jibu mara 3 inajiwasha upya. MikroTik ina yake chini ya System, na zile zinazotoa umeme kupitia waya wa mtandao zinaweza kukata umeme wa tundu moja tu pale rediyo iliyo juu ya mlingoti isipojibu. Hii ni bure na inaponya sehemu kubwa ya matatizo. Mpaka wake ni kwamba ruta haiwezi kuizima modemu iliyoganda pembeni yake, na ruta iliyoganda kabisa haiwezi hata kujikagua.

Chagua kwa makini anwani ya kupigia pingi. Ukiweka anwani moja ya mbali, siku mtoa huduma akiwa na hitilafu mtambo utajizima na kujiwasha usiku kucha, na ruta inayozimwa ovyo katikati ya kuandika kumbukumbu zake mwishowe huharibika. Weka mnara wa jirani uwe wa kukaguliwa, na muda wa kungoja baada ya kuwaka uwe mrefu kuliko muda ambao mitambo yote huchukua kusimama. Dakika tano zinatosha kwa kawaida.

Kwa kisiwani hasa, chaguo letu ni swichi ya laini ya simu, na RTU5024 ndiyo inayoeleweka kirahisi. Ni kifaa cha kufungulia mageti, lakini kazi hii kinaiweza. Unakipigia, kinakata simu bila kupokea, kinafunga relei yake, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kwa sekunde ulizokipangia. Kwa kuwa simu haikupokelewa, salio lako haliguswi: unabipu tu, ruta inazimika na kuwaka. Hakitegemei ruta wala waifai, na hapo ndipo kinapozishinda plagi zote.

Ubaya wake ni watu kukifunga vibaya. Wengi hupitisha umeme wa ruta moja kwa moja kwenye relei yake, kwa hiyo kifaa kikifa, ruta nayo inakufa. Fanya hivi. Nunua relei ya gari ya 12V yenye miguu mitano. Chanya ya betri ipitie fyuzi iingie mguu wa 30, na chanya ya ruta itoke mguu wa 87a. Mguu wa 87 uachwe mtupu. Miguu ya 85 na 86 ndiyo ya koili, sumaku ya ndani inayoivuta swichi. RTU iiwashe hiyo kwa sekunde 15. Koili isipopata umeme, 30 na 87a zimegusana na ruta iko hewani. Ukibipu, zinaachana, kisha zinarudiana zenyewe. Kifaa kikiungua leo, mtandao wa shule haukatiki. Pachika dayodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye koili, upande wenye mstari ukielekea chanya, la sivyo msukumo wa koili utaila relei ndogo ya RTU polepole.

Kumbuka pia kwamba betri ya sola ikichajiwa hupanda hadi 14V na zaidi. MikroTik hEX ya modeli RB750Gr3 inastahimili kati ya 8 na 30V, lakini ruta nyingi za bei rahisi zilizoandikwa 12V zinahitaji kibadilisha volti kati yake na betri.

Laini utakayoweka iondolee PIN ukiwa nayo kwenye simu. Namba ya siri ya kiwandani ni 1234; ibadilishe, na ukipange kijibu namba zilizoandikishwa peke yake. Laini isiyotumika kabisa hufungwa na kampuni, kwa hiyo iwekee salio na uifanye itume meseji mara kwa mara. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, antena itoke nje.

Chumvi ndiyo adui mkubwa kuliko stima. Boksi liwe la IP66, yaani lisilopenywa na vumbi wala maji, nyaya ziingie kwa chini, na kila waya ushuke chini ya boksi kabla ya kupanda kuingia, maji yadondokee hapo. Paka gresi kwenye viungio. Shaba ikishaota ukijani, relei nzuri hugeuka kuwa mbovu. Ziba kila tundu, kwa sababu sisimizi na mijusi hupenda joto la relei.

Kabla ya kupanda boti kurudi, chomoa waya wa rediyo uone kama Watchdog itafanya kazi yake. Kisha bipu. Kisha zima umeme wote, uwashe, na uhakikishe kila kitu kimesimama bila kuguswa na mkono.