Tahadhari: fundi wa fimbo za kuvulia anayeuza stika kwa bei ya uzi

Ndugu wavuvi wenzangu wa Dodoma,

Nimekaa na jambo hili kwa siku kumi na moja nikiona aibu kuliandika, hasa kwa kuwa baadhi yenu mlinisikia pale Hombolo nikiwaeleza kwa kirefu, kama mwalimu mbele ya ubao, namna ya kuitambua fimbo iliyofungwa uzi kwa mkono. Naandika leo kwa sababu nimearifiwa kwamba fundi yule aliyeniuzia fimbo bandia ameanza kupokea kianzio kutoka kwa vijana wawili wa upande wa Nkuhungu.

Habari ya zawadi ya Mzee ya kustaafu mnaijua, na wengine mlichanga, kwa hiyo sitairudia. Niliagiza fimbo mbili, yake na yangu, kila moja ikiwa na ufito wa kaboni wa futi saba, na juu ya mpini pambo la almasi la uzi wa nailoni kwa rangi nne za bendera yetu. Bei ya zote mbili ilikuwa shilingi 520,000, nami nilitanguliza 350,000 kwa simu.

Nilikutana na fundi huyo Nyerere Square, saa kumi jioni, jua likiwa bado kali. Aliniamkia shikamoo, akasubiri niitikie, ndipo akakunjua kitambaa cheusi na kunikabidhi fimbo ya mfano kwa mikono miwili. Niliikagua kwa muda usiopungua dakika ishirini, na hata sasa, pamoja na hasira zote nilizonazo, siwezi kusema kwamba ile haikuwa kazi ya fundi. Miguu ya pete, zile za kupitishia mshipi, ilikuwa imepigwa tupa hadi ikawa myembamba kama ncha ya kisu, ili uzi upande juu yake taratibu bila kuacha pengo, na ncha ya mwisho ya uzi ilikuwa imevutwa kwa kitanzi chini ya mizunguko yake yenyewe hata usijue imeishia wapi. Almasi zilikuwa za nyuzi zilizopishana moja moja. Kasoro niliyoiona ilikuwa moja tu, kiunywele cha uzi mweusi kilichonaswa ndani ya epoksi, ile gundi ngumu inayopakwa juu ya uzi, karibu na almasi ya tatu, nacho nilikisamehe papo hapo, kwa sababu niliona ndicho kinachothibitisha kwamba mkono wa mtu ulipita pale.

Nikamtega. Nilimwuliza ilikuwaje ile njano isigeuke rangi ya chai chini ya epoksi. Alijibu bila kusita kwamba uzi wa kawaida wa nailoni ukipakwa epoksi moja kwa moja huinywa, ukafifia na kupitisha mwanga mpaka weusi wa ufito ukaonekana, na kwamba kwa sababu hiyo yeye hutangulia kupaka dawa ya kukinga rangi, akaiacha ikauke, kisha ndipo hupaka epoksi huku fimbo ikizungushwa polepole na mota ndogo ili isichuruzike upande mmoja. Jibu hilo ni sahihi kabisa, na naomba anayetaka kunicheka aniambie kwanza yeye angeuliza swali gani zaidi. Tena kidole chake cha shahada kilikuwa na mfereji mwembamba, kama wa mtu anayekaza uzi kila siku, na juu ya kifundo cha mkono palikuwa na tone la epoksi lililogandia. Mtu mwenye alama hizo unamdai kitambulisho cha nini?

Wiki mbili alizoahidi zikawa saba. Umeme ulikatika, uzi ulikwama Dar es Salaam, mtoto aliugua. Mnajua nyimbo zenyewe.

Siku ya makabidhiano alikuja saa moja kasoro usiku, fimbo zote mbili zikiwa zimeviringishwa karatasi ya nailoni na kufungwa kwa utepe, akanisihi nisizifungue kwa siku tatu kwa sababu epoksi ilikuwa haijakomaa na ingeshika vumbi. Hapo ndipo nilipopigwa. Ni kweli kwamba epoksi ya fimbo hukauka juu juu kwa siku moja hivi na huhitaji siku zaidi ili iwe ngumu kabisa, na kwa kuwa nililijua hilo, nilijiona mtaalamu kwa kumtii. Nilimlipa salio la 170,000, nikampa na nauli ya bodaboda. Nikampongeza.

Kilichotokea Mtera wengi wenu mlikiona. Kambale alipovuta, pete ya juu ilichomoka, ikateleza kwenye mshipi hadi majini, ikafuata ya pili, na ufito ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Mzee akakitazama kipande kilichobaki mkononi mwake, akasema, "Naona hata fimbo imestaafu." Mlicheka wote. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya gari.

Usiku ule niliichukua fimbo yangu, ambayo ilikuwa haijaguswa, nikaipitishia wembe. Pambo lote lilibanduka kwa kipande kimoja, kama nembo ya chupa ya soda iliyolowa maji. Ilikuwa stika iliyochapwa picha ya uzi na kupakwa vanishi ya mbao, na kwa nyuma kulikuwa na mshono ambapo nusu za almasi hazikukutana. Karibu na almasi ya tatu palikuwa na kiunywele cheusi. Niliwasha taa nikakitazama kipande cha fimbo ya Mzee, na kiunywele kilikuwa pale pale. Alikuwa ameipiga picha ile fimbo ya mfano na kutuchapia. Pete zilibandikwa kwa supa gluu, na ufito ulikuwa faibaglasi ya fimbo ya kukunja iliyopakwa rangi nyeusi.

Mtu huyu anastahili kufungwa. Sisemi arudishe fedha tu, kwa sababu mwizi akirudisha anahesabu kwamba amekopa. Nasema afikishwe mahakamani kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, na fimbo zile ziwe vielelezo, na hakimu abandue stika kwa mkono wake mwenyewe. Ningependa pia apelekwe Mtera akavue kwa bidhaa yake mbele ya wavuvi wa pale, wenye ndoana na mishipi isiyo na pambo lolote.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Jina lililotokea nilipotuma fedha halikuwa lake, akasema ni laini ya shemeji. Hakukubali kamwe nimtembelee kazini. Kila picha aliyonitumia ilionyesha upande wa juu wa fimbo tu. Kwa kuwa uzi halisi huzunguka ufito wote, zungusha fimbo mchana kweupe na utafute mshono kabla ya kulipa, hata ukiambiwa epoksi ni mbichi.

RB ya polisi nimekwisha kuchukua, na Jumatatu asubuhi ninarudi kituoni na stika zangu mbili. Vijana wa Nkuhungu, msifute meseji zake wala risiti za miamala. Saa tatu nitakuwa nje ya geti la kituo, njooni nazo.