Aiskrimu ya elfu kumi na dharau juu yake

Kabla sijasema lolote la ladha nataka niseme la kijiko. Kile kijiko kidogo cha mbao cha kuonjea, ambacho mzungu aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alipewa akaonja ya pistashio, zile njugu za kijani, akapewa chengine akaonja ya nazi, akapewa chengine ya pasheni, akageuka kumuuliza mwenzake wakacheka weee, akarudi kuonja ya chokoleti, mwisho wa yote akaenda zake hajanunua hata koni tupu, na yule kijana wa nyuma ya kioo bado meno nje, ati karibu tena. Haya, zamu yetu ikafika. Mie na watoto wawili wa dada yangu, wamevaa nguo zao za sikukuu, viatu vipya vinawabana lakini kimya, hawataki wavuliwe. Nikatoa salamu, haikuitikiwa. Nikasema naomba mtoto aonje hiyo ya iliki tuone kama ataipenda. Kijana bila hata kuniangalia: "Kuonja ni kwa wanaonunua."

Nikamuuliza kwani mie nimekuja kufanya nini hapa, kupiga deki? Hapo ndo akaniangalia, akaanzia kwenye baibui akashuka mpaka kwenye makubazi, akasema, "Bei umeiona lakini?"

Jamani. Bei umeiona lakini! Angekuwa mgeni ningesema labda hajui watu huongea vipi huku, lakini huyu ni kijana wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake ndo hiki changu, pengine mama yake tunasalimiana sokoni Darajani. Mdogo mtu akanivuta baibui akaninong'oneza, "Mama mdogo, twende zetu tukanunue lambalamba." Mtoto wa miaka sita kashafahamu kwamba hapa hatutakiwi. Sikukuu gani hiyo?

Duka silitaji, sitaki kesi mie. Ni Mji Mkongwe, na kwa hayo tu yanatosha.

Sasa bei. Skupu moja elfu kumi. Elfu kumi! Watu watatu elfu thelathini, na hapo hujaongeza hata kikorombwezo kimoja cha juu. Nikalipa, kwa hasira, noti moja moja juu ya kaunta ili azione vizuri, na nikasema kwa sauti kila mtu asikie, hebu nambieni kuna nini ndani ya hii kitu hata iwe elfu kumi, kuna dhahabu? Foleni nzima ikanyamaza. Ndipo akatoka mama mmoja kutoka nyuma, kajifunga aproni, maziwa mpaka kwenye viwiko, kumbe yeye ndo mtengenezaji, akaniambia, "Dada yangu, samahani sana, pita huku nikuonyeshe."

Na hapa ndo panaponichanganya, maana yule mama ni mtu na nusu. Alinipeleka mpaka mlangoni kwenye mashine, akanieleza bila kunifanya mjinga. Kwanza akasema aiskrimu nyingi tunazonunua madukani ni upepo, mashine inapiga maziwa na kuyajaza hewa mpaka yanaumuka, na ya bei rahisi inaweza kuwa nusu nzima ni hewa, unalipia kopo lililojaa lakini nusu yake unakula pumzi. Yao inazungushwa polepole, hewa ni kidogo, kwa hiyo maziwa yale yale yanatoa skupu chache. Pili krimu haipatikani hapa ya kutosha, inakuja kwa meli na lazima iwe kwenye baridi safari nzima. Tatu akanionyesha ndoo ya pistashio iliyosagwa, ya kijani kibichi cha kuelekea ukahawia, akasema dada hii nikikwambia bei yake utakaa chini. Nne, umeme.

Hilo la umeme sikuhitaji anieleze. Mtu wa Unguja aelezwe habari ya umeme? Tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 sisi tulikaa bila umeme kisiwa kizima, waya unaopita chini ya bahari kutoka bara umeharibika, mwenye jenereta ndo mtu, na miezi ile mtu ukitamani maji baridi unafumba macho ukayakumbuka. Sasa akasema aiskrimu ikilainika kidogo tu halafu ikaganda tena, vile vipande vidogo vya barafu ndani yake vinaungana vinakuwa vikubwa, ukila inakwaruza kama mchanga, na huwezi kuirudisha ilivyokuwa, labda uiyayushe yote na kuipitisha tena mashineni. Kwa hiyo umeme ukizima jenereta lazima iwake hapo hapo, iwe mchana iwe usiku, wateja wawepo wasiwepo. Nikaelewa. Kwa kweli nikaelewa. Nikatoka pale nusu ya hasira imeshuka, nusu nyengine imebaki inamwangalia yule kijana.

Lakini mie nna tabia moja, mtu akinieleza jambo zuri mno napenda kulipima nyumbani. Dukani kwao nishaapa siendi tena, nikamtuma wifi yangu akaninunulie kopo la nusu lita, shilingi elfu ishirini na nane, na kwenye duka la mtaani nikachukua kopo la lita nzima la aiskrimu ya kawaida, elfu tisa. Nikatoa mzani wangu wa keki. Lile la lita nzima, ukitoa uzito wa kopo, lilicheza kwenye gramu 560. Lile la nusu lita, gramu 420. Yaani kopo kubwa mara mbili lakini uzito hata nusu juu haukufika! Wamarekani hili wameliwekea sheria kabisa, aiskrimu kule haitakiwi iwe nyepesi kupita pauni 4.5 kwa galoni, ambayo ni kama gramu 540 kwa lita, na mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10. Kwa hiyo hii yetu ya mtaani kwenye uzito ingepita, japo kwa tabu. Kwenye mafuta ingekwama, maana ukisoma ubavuni kwa maandishi ya sisimizi, maziwa ni ya unga na mafuta ni ya mimea.

Nikayaacha yote mawili kwenye visahani mezani, saa za mchana, joto la kwetu mnalijua. Ya bei ghali ikayayuka ikawa maziwa mazito, ukizungusha kisahani inatambaa ukingoni. Ya bei rahisi haikuyayuka, ilisinyaa. Ikabaki povu, limesimama na umbo lake la kijiko, chini yake kuna maji maji kidogo meupe. Wifi yangu alilitazama lile povu akasema mie hiki nimewalisha watoto wangu miaka yote? Nikamwambia na hawakufa, tulia.

Lakini subirini, hesabu haijaisha, na hapa ndo hasira yangu inarudi. Ukilinganisha kwa lita, ya Mji Mkongwe ni ghali zaidi ya mara sita. Ukilinganisha kwa uzito, yaani umeshautoa upepo wote kwenye maneno, bado ni ghali mara nne. Kwa hiyo upepo unaeleza sehemu, hauelezi yote. Hizo mara nne ndo krimu, pistashio, jenereta, kodi ya nyumba ya mjini inayotozwa kwa hesabu ya watalii, na bila shaka na mshahara wa yule bwana wa "bei umeiona".

Tena na hilo la krimu msilimeze zima zima. Ile yao ni gelato, yaani aiskrimu ya Kitaliano, na kawaida ya gelato ni maziwa mengi krimu kidogo, mafuta yake huwa chini kuliko aiskrimu za Kimarekani za bei ya juu. Uzito wake unatokana na kukosa upepo, na ile ladha kukurukia mdomoni ni kwa sababu inatolewa haijagandishwa sana, ulimi haufi ganzi. Ni ufundi, sikatai. Ila ufundi wa kuchukua maziwa ya kawaida na kuyaheshimu. Kulikuwa na bwana mmoja New York, Reuben Mattus, yeye na mkewe Rose ndo walioanzisha Häagen-Dazs mwanzoni mwa miaka ya 1960, wenzake wote wakati ule wanashindana kushusha bei kwa kuongeza upepo, yeye akaenda kinyume, akapunguza upepo akazidisha mafuta ya maziwa na akapandisha bei, na watu wakanunua! Kumbe watu wako tayari kulipa. Mie mwenyewe nililipa, si ndo hayo.

Sasa njoo kwenye vanila, maana ubaoni wameandika kwa mbwembwe "vanila ya Zanzibar" na hiyo skupu yake ni elfu kumi na mbili. Elfu mbili za jina la kwetu wenyewe. Nakubali vanila ni kazi ya mateso, nendeni Kizimbani kwenye mashamba ya viungo mkaione inavyotambaa juu ya miti, ua lake linafunguka siku moja tu, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, lazima mtu apite na kijiti ua kwa ua. Njia hiyo aliigundua mtoto mtumwa wa miaka 12 kule Réunion mwaka 1841, Edmond Albius, na mpaka leo dunia nzima inafanya vile vile kwa mkono. Halafu ganda likae kama miezi tisa kwenye mmea, halafu lichemshwe, lifunikwe litoe jasho, lianikwe, miezi mengine. Sawa, iwe ghali. Mwaka 2018 kilo moja ilifika kama dola 600, nani atabisha. Lakini miaka ya karibuni bei ya vanila imeporomoka mpaka wakulima wa Madagascar wanalia, na mie sijaona ubao hata mmoja uliofutwa chaki ukaandikwa bei mpya. Kupanda inapanda na vanila, kushuka haishuki nayo. Na kwa skupu moja inaingia vanila kiasi gani kwani? Vidoadoa vyeusi vya kuhesabika.

Mtaniuliza basi ladha ilikuwaje. Eeh. Hapa ndo pagumu. Ya iliki, Wallahi sijapata kula kitu kama kile. Haikuwa tamu ya kukereketa koo, iliki yenyewe imetwangwa karibuni, unaisikia mwanzo, inapotea, halafu inarudi ukishameza. Mkubwa mtu alichukua ya pistashio, akaila nusu saa nzima analamba pembeni tu isije ikaisha, na ile ya nazi wifi yangu anasema inamkumbusha malai ya bibi yake ila imekwenda skuli. Nilikuwa nimeshaandika nyota moja. Nikaifuta nikaweka nne kwa ajili ya yule mama. Halafu usiku nikakumbuka yule mtoto alivyonivuta baibui, nikazirudisha mbili. Sasa hivi ninavyoandika kopo liko tupu jikoni na nna hakika ilistahiki tano, sasa sijui niwape ngapi, wekeni nyinyi.

Ninachokataa mie ni kimoja. Yule mama kanieleza kila senti inakokwenda na nikaridhika, krimu sawa, baridi sawa, kodi sawa. Kijana wake hakuwa na haja ya kunilinda na bei. Mie mtu mzima, nnajua kusoma ubao, na kama elfu kumi sina nitaona haya mwenyewe bila kusaidiwa. Na kama vijiko vya kuonjea ni ghali basi viwe ghali kwa sote, asipewe mmoja vinne kwa sababu kavaa kaptula halafu mwengine anyimwe kwa sababu kaja na watoto wa sikukuu. Mama wee kama unasoma hapa, muweke yule kijana nyuma azungushe mashine, wewe ukae mbele.

Mkienda, nendeni saa za asubuhi kabla meli za watalii hazijashusha, chukueni iliki au pistashio, kopo la nusu lita mgawane nyumbani ndo nafuu kuliko skupu skupu, nimeshapima. Chokoleti ya kawaida tu. Ya embe msiiguse kabisa, kwanza ina vipande vya barafu, inaonekana siku hiyo jenereta ilichelewa, na pili huu ni msimu wa embe, kwa hiyo kwa elfu kumi unarudi kutoka Darajani na embe za kula nyumba nzima, na muuzaji anakukatia moja uonje bila kuulizwa kitu.