Sayansi ya msingi na sayansi tumizi: dagaa wa Kigoma
Sayansi ya msingi huuliza "kwa nini", hata kama jibu halimwingizii mtu senti. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia takribani mita 1,470, huchunguza kwa nini dagaa hupanda juu usiku: hufuata vijidudu vya majini wanavyokula.

Sayansi tumizi, inayotumia maarifa kutatua tatizo, iko Kibirizi, mwalo wa wavuvi mjini Kigoma. Dagaa wakianikwa mchangani, upande wa chini haupitiwi na hewa. Unyevu hubaki, ukungu huota, na mchanga huwashusha bei. Dawa ni chanja ya wavu iliyoinuliwa kama mita moja, dagaa watandazwe tabaka moja jembamba, wageuzwe, wafunikwe mvua ikitanda.

Tusizitenganishe mno, lakini. Mvuvi anayewasha taa usiku wa giza anategemea tabia ileile ya dagaa, na aliijua kabla ya maabara.