Cherehani ya kukanyaga au ya umeme kwa kazi za nyumbani?

Swali hili haliishi: anayetaka kushona mapazia, kupunguza suruali na kutengeneza magauni ya watoto nyumbani achukue cherehani ipi?

Kwa gharama, usitazame bei ya kununulia tu. Ya kukanyaga haili umeme, na ikitunzwa hurithiwa. Ya umeme ikiwa mpya huja na dhamana, ila mota au gia za plastiki zikifa, fundi anaweza kukwambia ununue nyingine.

Kwenye matunzo ndipo penye mambo. Ya kukanyaga inataka matone ya mafuta ya cherehani (si ya kupikia jamani, yanaganda) na mkanda wa ngozi ambao hulegea kadiri siku zinavyokwenda. Ukilegea, mguu unakanyaga lakini gurudumu la juu halizunguki. Unaukata kipande kidogo, unatoboa tundu jipya, unaunga kwa waya, kazi inaendelea. Ya umeme haina mkanda huo wa ngozi, lakini vumbi la nyuzi chini ya meno ya kusukumia kitambaa lisiposafishwa, mishono huanza kuruka.

Kwa aina za mishono, ya umeme inashinda mchana kweupe: zigizaga, matundu ya vifungo, vitambaa vinavyovutika. Nyingi za kukanyaga hushona mstari ulionyooka tu, ingawa kwa jinzi nzito mimi bado naziamini zaidi.

Umeme wako unakatikakatika, au unajifunza na unaogopa kasi? Kanyaga. Una chumba kidogo na unataka kuificha kabatini ukimaliza? Chukua ya umeme.