Kasri la Mtoni: nenda na futi ya kupimia mfukoni

Mpwa wangu kaniburura Mtoni, hapa Unguja, Jumamosi kwa ajili ya Bibi Salme. Tukapanda daladala ya 502. Yeye alitaka kuona alipozaliwa huyo binti wa Sultani mwaka 1844. Mimi, miaka thelathini na kitu nakanda chokaa Mji Mkongwe, nilitaka kuona kuta.

Usitegemee kasri la kwenye kadi. Moto wa 1914 ulikula mengi, kilichobaki ni kuta, matao na mahamamu, yaani vyumba vya kuogea. Sultani Seyyid Said alijenga hapa kati ya 1828 na 1834, na bintiye kaandika kuwa watu kama elfu moja waliishi humu, tausi na swala wakizurura uani. Mpwa wangu aliyasoma haya kwenye simu kwa sauti, utadhani khatibu wa Ijumaa.

Mimi macho yangu kwenye chumba kimoja. Kirefu, lakini chembamba kama ujia.

"Mjomba, mbona Sultani alijibana hivi?"

Hakujibana. Dari za kizamani hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi mita tatu hivi huanza kulegea tumbo kwa uzito wa mawe na chokaa iliyoshindiliwa juu yake. Hela ya Sultani ilinunua urefu na unene wa ukuta. Upana, mkoko haukujua unakatiwa nani.

Lipu ilipobanduka, sogea karibu uangalie: jiwe la matumbawe lina vitundu kama sifongo, na chokaa imeingia humo ikashika. Mwaka mmoja niliwahi kuziba ukuta wa namna hii kwa saruji, kule mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, mwenye nyumba ana haraka na mimi nina njaa. Masika ya pili ukuta ukatoa chumvi, lipu ikadondoka na jiwe lake. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Bado nikipita mtaa ule nazunguka nyuma.

Nenda alasiri, vaa viatu vya kufunika, kaa upande wa bahari: jua linazama mbele yako. Ukiwa huna hamu ya kuta, nusu saa inakutosha. Mimi nilikaa mpaka adhana ya magharibi.

Nilimwomba mpwa wangu picha moja tu, ya ile lipu. Kanitumia jana: kajaa yeye na miwani yake, ukuta unaonekana kidogo nyuma ya sikio.