Uzoefu wangu: seti ya spea za stering ya trekta ya Massey Ferguson 35, kutoka Kirinyaga Road, Nairobi

Nyota tatu kati ya tano. Seti si jenuini, na ndani ya boksi mna vichwa vinne vya tairodi (fimbo zinazosukuma magurudumu yakate kona), bushi nne (mirija ya ndani) za stabu ekseli, yaani vyuma viwili vinavyobeba magurudumu ya mbele, beringi mbili za kubeba uzito, sili za vumbi, na pini ya katikati ya ekseli pamoja na bushi zake. Nimeifunga kwenye 35 inayolima udongo mweusi wa Ruai. Kama duka linakubali kuuza moja moja, chukua vichwa na uache bushi.

Kwanza pima. Piga jeki ekseli ya mbele, weka gogo chini yake, kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise. Stabu ekseli ikicheza ndani ya ekseli, bushi zimeisha. Habu ikicheza peke yake, angalia beringi za gurudumu. Ukitikisa kushoto na kulia likicheza, plei (ulegevu) kwa kawaida iko kwenye vichwa vya tairodi. Trekta hii haina tairodi moja inayounganisha magurudumu: boksi ya stering ina mikono miwili, kila mmoja na upande wake. Ndiyo maana gurudumu moja linaweza kuyumba na la pili limetulia kabisa. Mafundi wengi hukimbilia kukaza boksi. Matokeo yake stering inakuwa nzito na plei iko palepale.

Vichwa vilikaa vizuri na nyuzi zake ziliingia kwa mkono. Mpira mmoja ulikuwa umepasuka tangu dukani, na pini za kufungia nati ni laini kama waya wa ua, nilitupa zote. Kabla ya kufungua vya zamani, pima urefu wa tairodi kutoka kitovu hadi kitovu. Legeza nati bila kuitoa, kisha gonga jicho la mkono, pale kichwa kinapoingia, kwa nyundo mbili, moja kila upande. Ukipiga nyuzi, umeharibu.

Shida ni bushi. Mbili ziliingia kwa kusukuma kwa kidole, na bushi ya namna hiyo itazunguka pamoja na stabu ekseli hadi izibe tundu la grisi. Zile mbili nyingine ziliingia kwa presi, zikabana kidogo ndani. Hilo ni kawaida, ndiyo kazi ya rima, kifaa cha kupanua tundu kwa kipimo. Usikubali fundi apanue kwa msasa, tundu litakuwa yai. Duka lilibadilisha zile mbili bila ubishi, lakini zilizokuja zilikuwa vilevile, kwa hiyo nilikerezewa nne za shaba nyeusi Kariobangi Light Industries. Mpelekee mkerezaji stabu ekseli yenyewe na ekseli pia, asipime bushi kuukuu. Na kama chuma cha stabu ekseli kimelika mtaro, bushi mpya ni pesa ya bure. Kijazwe kwa welding na kukerezwa upya kwanza.

Unapogonga bushi, tundu lake lielekeane na nipo, ile chuchu ya kupigia grisi. Beringi ya kubeba uzito huwekwa upande uliofunikwa ukiwa juu, la sivyo matope yanaingia moja kwa moja. Kii ya nusu mwezi, kipande cha chuma kinachozuia mkono wa juu wa stabu ekseli usizunguke peke yake, ikiwa imelegea, badilisha; haimo kwenye seti, na plei yake hudanganya kama ya kichwa cha tairodi.

Mwisho, weka stering katikati na urekebishe tairodi zote mbili sawasawa. Magurudumu yabane mbele kwa milimita 0 hadi 6 kuliko nyuma, ukipima kwenye rimu kwa urefu wa habu. Boksi ijazwe oili ya gia 90, halafu ndipo uguse skrubu yake, kama bado kuna haja. Yangu haikuhitaji. Grisi ni kila siku ya kazi, upige mpaka ile chafu itoke chini.