Nim kwenye mashine ngeni: kompaila inayohamia kirahisi, na makosa yanayopita kimya

Nim, lugha ya kuandikia programu, ina watumiaji wachache ukilinganisha na Python au Java, na hapo ndipo fundi programu wa Mbeya au Iringa anapoanza kusita. Ukitaka kuitumia kwenye rauta ya mtumba ya Mwanjelwa au bodi ndogo ya kompyuta yenye prosesa ya ARM, nani atakuwa ameshaihamishia huko? Mara nyingi hakuna anayehitajika. Kifaa kikiwa na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya C inayofanya kazi, kazi unaimaliza mwenyewe. Kwa uhamishaji naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeondolewa na makosa yasiyotoa ujumbe wowote.

Wepesi huo unatokana na uamuzi wa Andreas Rumpf, mwanzilishi wake: Nim haitoi lugha ya mashine, inatoa C, na kompaila ya C, gcc au clang, ndiyo inayobeba mzigo wa prosesa. Kompaila yenyewe imeandikwa kwa Nim, kwa hiyo tarball (kifurushi cha faili) ya chanzo inakuja na folda ya `c_code`, yaani C iliyokwisha kuzalishwa kwa kila mfumo na prosesa inayotambuliwa. Ukishaipakua, bando halihitajiki tena. Hatua ni hizi, kwa mpangilio huu:

`sh build.sh`
`bin/nim c koch`
`./koch boot -d:release`
`./koch tools`

Hatua ya tatu ndiyo ya kukaa nayo. Kompaila inajijenga, kisha iliyojengwa inajenga nyingine, na `koch`, programu ya kuijenga Nim, inalinganisha faili mbili za mwisho baiti kwa baiti. Unachongoja ni mstari huu: `executables are equal: SUCCESS!` Ukiambiwa bado hazilingani, usiendelee hata kama `nim` inaonekana kufanya kazi.

Kwenye bodi yenye RAM ya GB 1 au chini, gcc kadhaa huendeshwa kwa pamoja na mfumo unaiua mojawapo. Unaona neno `Killed` tu. Ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM), kisha andika `./koch boot -d:release --parallelBuild:1`. Itachelewa, lakini itafika. Umeme ukikatika katikati hupotezi kila kitu, kwa sababu faili za C zisizobadilika hazikompailiwi upya. Ila faili la `.o` lililoandikwa nusu hubaki pale, na linka, inayounganisha vipande kuwa programu moja, inalalamika `file truncated`. Futa folda ya `nimcache`, ambamo faili hizo huwekwa, urudie.

Kosa jingine la kawaida liko kwenye Raspberry Pi yenye kaneli (kiini cha mfumo) ya biti 64 na programu za biti 32. `build.sh` inauliza `uname -m`, inajibiwa `aarch64`, inachukua C ya arm64, na gcc inakataa kwa ujumbe wa `Pointer size mismatch`. Hakikisha kwanza kwa `getconf LONG_BIT`. Ikijibu 32, endesha `sh build.sh --cpu arm`.

Prosesa isiyokuwepo kabisa kwenye orodha inaingizwa katika `compiler/platform.nim`: jina kwenye enum (orodha ya majina), na safu yake kwenye jedwali yenye ukubwa wa namba, mpangilio wa baiti na idadi ya biti. Kisha `lib/system/platforms.nim`, na violezo vya `tools/niminst` ili `build.sh` iitambue. Kazi ni ndogo, lakini andika mpangilio wa baiti kwa uangalifu mkubwa. Ukikosea hapo, programu itakompailika na kuendeshwa, halafu namba inazotuma kwenye mtandao zitafika zimegeuzwa. Toleo la 2.0 la mwaka 2023 limepunguza kazi hii sana: ORC ndiyo njia yake ya kawaida ya kusimamia kumbukumbu, na haipekui rundo la wito wala rejista za prosesa kama mkusanya taka wa zamani, aliyehitaji msimbo wake maalumu kwa prosesa kama SPARC.

Rauta ni habari nyingine. Flash ya MB 8 haiwezi kubeba gcc, kwa hiyo kompaila inabaki kwenye laptop na kinachohamishwa ni programu tu, mathalani ya kusoma joto la ghala la viazi kule Umalila. Chukua SDK (zana za kujengea programu) ya OpenWrt, mfumo huria wa rauta, ya modeli yako, weka `STAGING_DIR`, na kwenye faili la mipangilio `nim.cfg` andika hivi kwa prosesa ya MIPS ya aina ya `mipsel`:

`mipsel.linux.gcc.exe = "mipsel-openwrt-linux-musl-gcc"`
`mipsel.linux.gcc.linkerexe = "mipsel-openwrt-linux-musl-gcc"`

Halafu `nim c --cpu:mipsel --os:linux -d:release --opt:size joto.nim`, umalizie kwa `strip` ya SDK hiyohiyo ili kupunguza ukubwa.

Usisahau `--cpu`, hasa ukitaja gcc ya kifaa moja kwa moja kwa `--gcc.exe` badala ya mistari hiyo ya `mipsel`. Kwenye Linux ya amd64, moduli ya `posix` inatumia thamani zilizoandikwa moja kwa moja badala ya kuzisoma kwenye vichwa vya C. `SOCK_STREAM` pale ni 1. Thamani hiyo huomba soketi ya TCP. Kwenye MIPS ni 2, na 1 ni `SOCK_DGRAM`, ya UDP. Kwenye mashine ya biti 32 utaokolewa na ile `Pointer size mismatch`. Kwenye MIPS ya biti 64 hakuna kinachokuzuia: programu inajengwa bila onyo, inaomba TCP na kupewa soketi ya UDP, nawe unabaki ukikagua waya na ngome za mtandao zisizo na kosa. Hiyo ndiyo nyota niliyoiondoa. Kompaila ingeweza kumwuliza gcc inalenga prosesa gani kabla ya kuanza.

Programu ikifika kwenye rauta na kufa kwa `Illegal instruction`, kagua desimali. Prosesa nyingi za rauta hizi hazina kitengo cha desimali, na huenda umetumia gcc ya MIPS ya kwingineko badala ya ile ya SDK. Endesha `readelf -A joto`. Lazima uone `Soft float`.